Koleta, Daftari Nilikuwa Nalo

Mdogo wangu Koleta,

Mama anakusalimu. Kifua chake kimepata nafuu, anakula vizuri, na juzi nimemsikia akigombana na kuku wa jirani waliomlia mchicha wake, kwa hiyo ondoa hofu. Nimeanza na yeye kwa kuwa najua ungemuulizia yeye kwanza. Umekaa huko Makambako mwaka mzima na zaidi. Ukimpigia simu anaweka spika, nami nikiwa chumba hicho hicho nasikia unavyocheka, kisha anakata. Hujawahi kuomba kuongea na mimi. Mimi nami sijaomba.

Ninaandika kwa sababu kuna jambo unalodhani unalijua, na hulijui.

Unakumbuka tulivyougua surua? Tulikuwa tumetoka Tabora si muda mrefu, baba amehamishiwa stesheni ya huku, tumepanga vyumba viwili Ukonga. Mie nilikuwa na miaka tisa, wewe sita. Mama alilala katikati yetu kwenye mkeka, na kila nilipofumbua macho nilimkuta amekugeukia wewe. Mgongo wake naujua mpaka leo: gauni la maua ya zambarau, kifungo cha pili hakipo. Wewe ulikuwa umezidiwa, kila mtu aliliona hilo. Lakini mtoto wa miaka tisa mwenye wivu hapimi homa ya mwenzake.

Tulivyokua sikuacha kutazama. Mie nilifaulu, nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi na cheti, mama akakifunga kwenye mfuko wa nailoni akakiweka kabatini. Wewe ulifeli kidato cha nne, ukajifunza cherehani, ukamshonea gauni lako la kwanza, bega moja limepinda, na mama akalivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Akiulizwa nani kashona, alikuwa anageuka mzima ili walione na mgongoni.

Baba alipofariki akatuachia nyumba hii ya Gongo la Mboto, uliweka cherehani barazani na mtaa mzima ukahamia hapo. Watu walikuja kupunguza suruali wakakaa mpaka adhuhuri. Ulijua nani kajifungua, nani mwanawe kapata ajira, nani kaachwa. Mie nilikuwa narudi kutoka shule na madaftari ya kusahihisha, napita katikati yao, wananiamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa adabu kabisa, kisha wananyamaza wakinisubiri niingie ndani ndipo waendelee kucheka. Unajua uchungu wake? Kuheshimiwa na watu wanaompenda mwenzio.

Kisha likaja lile jengo. Jeupe, refu, halina dirisha hata moja, watu wakaliita Friji kabla halijapakwa rangi ya pili. Mwenyekiti wa mtaa alituambia ni kituo cha data, kwamba picha za watu, ujumbe na mambo yao yote ya kwenye simu vinatunzwa humo ndani. Mzee Nassoro wa duka la jumla, ambaye babu zake walifungua biashara huku hata barabara haijawekwa lami, aliuliza kama ni kutunza tu, mbona panaunguruma. Tulicheka. Hatukucheka muda mrefu. Mashine zile hazitakiwi kupata joto, kwa hiyo mapangaboi yao hayakuzimwa, na umeme ukikatika yalifuata majenereta sita, na mabomba ya moshi yote yameelekezwa kwetu.

Huhitaji mie nikukumbushe masizi. Lile gauni la kipaimara la binti wa mwenyekiti ulilianika asubuhi jeupe, ukalianua la kijivu, ukalifua mara tatu na kulia mara moja. Mzee Nassoro alifunika magunia ya unga kwa turubai, masizi yakapita. Wenye jengo wakachimba kisima kirefu cha kupozea mashine, na kisima chetu cha uani, alichokichimba baba kwa mikono yake, kikatoa matope, kisha hakikutoa kitu. Na mama akaanza kukohoa kikohozi kile cha kukatika katikati.

Darasa langu la tano lilipakana na ukuta wao. Majenereta yakiwaka nilikuwa naandika ubaoni tu, watoto wananakili, maana hakuna aliyemsikia mwenziwe. Ndipo nikachukua daftari la jalada la kijani nikaanza kuandika: siku, saa yalipowashwa, saa yalipozimwa, moshi umeelekea wapi, watoto wangapi wametoka nje kwa kukohoa. Nilipima na maji ya kisima, kwa kamba yenye mafundo. Sikumwonesha mtu ila wewe. Uliligeuzageuza, ukasema, "Da Vene, hii ni dhahabu."

Na barua ya malalamiko niliiandika mie. Nilikupa wewe uizungushe watu watie saini kwa sababu, tuseme kweli, mie ningerudi na saini kumi. Wewe ulirudi na karatasi zimejaa mpaka pembeni. Siku ya mkutano wa kwanza watu walitaka uisome wewe, ukasimama. "Hatupingi maendeleo. Tunapinga kuvuta moshi wa maendeleo ya wengine." Sentensi hiyo niliifuta na kuiandika upya mara nne, Koleta. Ilipotoka mdomoni mwako ikawa yako. Ulisema, nakumbuka vizuri, "Maneno kayaandika dada yangu." Makofi yalishaanza, hakuna aliyesikia.

Baada ya hapo ulikuwa wewe tu. Vijana wa televisheni ya mtandaoni walikuja kukurekodi barazani, ukawaeleza kila kitu huku mguu uko kwenye cherehani. Wanawake ambao hata jina langu hawalijui walinisimamisha sokoni kuniuliza kama kweli mie ni dada yake Koleta. Na siku nilipompeleka mama zahanati, nimebeba faili lake na dawa yake ya kuvuta, nimeomba ruhusa kazini, nimekaa foleni tangu alfajiri, alimwambia nesi, "Binti yangu mdogo ndiye anayenipigania." Nesi akaniuliza kama ni mimi. Nikasema hapana, ni mwingine.

Sasa tufike kwenye mkutano wa pili.

Ulikuwa uwanja wa shule, mchana, viti vya darasani vimetolewa nje. Kampuni ilimleta afisa uhusiano wake, kijana mpole, viatu vinang'aa, kaja na gari kutoka Msasani. Alisema kwa heshima kwamba majenereta huwashwa mara chache sana, kwamba vumbi tunaloliona ni la barabara, na kwamba kampuni iko tayari kusikiliza kama kuna mwenye kumbukumbu za uhakika. Watu walitazamana. Wewe ukasimama. Ulikuwa na furaha usoni, kama mtu anayekwenda kutoa zawadi.

"Kumbukumbu zipo," ulisema. "Da Vene kaandika kila siku, saa kwa saa. Dada, waoneshe."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko mapajani, mkono wangu uko juu yake. Watu wote waligeuka. Kwa mara ya kwanza mtaa mzima ulikuwa unanitazama mimi, na nilichokiona ni kwamba walinitazama kwa kuwa wewe umewaambia wanitazame. Nikisimama, nitakuwa nimeletwa na wewe. Hilo ndilo nililoliwaza. Sikumuwaza mama, wala wale watoto.

Nikasema, "Mimi sina daftari lolote."

Ulinitazama. Ulikuwa umeliona, umelishika, ungeweza kuja kunipokonya mkoba na kuumwaga mbele yao, nami ningeaibika mpaka kaburini. Ukasema tu, "Basi, nimekosea," ukakaa.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi kwa sababu yalikupata wewe. Afisa yule alishukuru, akawaomba watu wasieneze taharuki. Wale waliokupigia makofi wakasema Koleta anapenda kamera. Wakaanza kukuita Koleta Daftari, mpaka watoto. Baraza likapungua watu, kisha likabaki na wewe na cherehani. Lalamiko likalala. Mama akalazwa mara ya kwanza, akawekewa oksijeni, akatoka. Mumeo alikuwa na kazi yake ya mbao huko Makambako na alikuwa anakuita siku nyingi. Ukafunga cherehani kwenye gunia ukaondoka asubuhi mie nikiwa kazini. Nilirudi nikaona alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilidhani sasa baraza litakuwa langu.

Hakuja mtu.

Mama alipolazwa mara ya pili nilikaa naye wodini. Nadhani alikuwa ameona nisivyolala. Akanishika mkono akaniambia nisijilaumu, kwamba ulimweleza kila kitu kabla hujaondoka. Ulimwambia, "Dada ni mtumishi wa serikali, mama, wangemhamisha. Mie ndiye mwenye kosa, nilimtaja mbele za watu bila kumuuliza." Ulikuwa umekaa na jina la mwongo mtaa mzima, ukahama nalo, ukiamini unailinda kazi yangu.

Hili ndilo usilolijua. Sikuogopa uhamisho. Wala sikulifikiria hilo. Nilikukana kwa wivu, Koleta, wivu mtupu usio na sababu nyingine. Na hata pale wodini, mama akinieleza ulivyonitetea, kilichonichoma kwanza hakikuwa majuto. Kilikuwa kwamba hata katika hili umenishinda, umekuwa mwema kuliko mimi na mama analijua.

Majuto yalikuja baadaye, alipogeuka kukohoa nikaona mbavu zake.

Wiki ile ile nilimfuata Mzee Nassoro, nikamwambia nina maandishi. Hakuuliza yametoka wapi. Tulikwenda naye kwa watu wa mazingira, tukarudishwa, tukaambiwa tupitie wilayani, tukapitia, tukarudi tena. Mzee yule na goti lake bovu hakukosa hata safari moja. Mwishowe walikuja wataalamu na vyombo vya kupimia kelele na moshi, wakakaa siku kadhaa, wakalinganisha na daftari, wakakuta ninavyosema ndivyo. Kampuni ikaamriwa irefushe mabomba ya moshi na kuyageuza, ijenge ukuta wa kuzuia sauti, iache kuvuta maji ya kisima kile, na ituletee bomba la maji mtaani. Haikuwa kila tulichokitaka. Friji bado linaunguruma ukitega sikio, na kisima cha baba hakijarudi. Ila watoto wangu wa darasa la tano sasa wananisikia, na mama anaanika kanga zake nje bila kuzitazama mara mbili.

Siku ya kufungua bomba mwenyekiti alihutubia. Alinishukuru kwa jina, watu wakapiga makofi, nami nilikuwa nimeyangoja makofi hayo tangu utoto. Kisha akasema, "Lakini tukumbuke, aliyetutangulia ni Koleta, hata kama alikosea kidogo." Na wewe huko, mamia ya kilomita, hujui lolote, makofi yako yakawa makubwa kuliko yangu. Nilihisi kile kitu kikinipanda. Ila safari hii yale maneno "alikosea kidogo" yalinichoma nayo pamoja.

Nikaomba kusema. Niliwaambia Koleta hakukosea kidogo wala sana. Niliwaambia siku ile daftari lilikuwa mapajani mwangu, na kwamba nilisema sina kwa sababu nilimwonea wivu mdogo wangu. Nilisema hivyo hivyo, sikutafuta neno la kiungwana.

Ndoo iliyokuwa bombani ikajaa, ikamwagika, hakuna aliyeifuata. Mzee Nassoro alisema, taratibu, "Mwalimu, ungekufa nalo hilo tusingejua." Nikamjibu kwamba ndicho kilichokuwa kinaniua. Mama mmoja, ambaye mwanawe alilazwa kwa pumu katika miezi ile iliyopotea kwa uongo wangu, alibeba ndoo yake akaondoka, na mpaka leo tukikutana ananipita kama nguzo ya umeme. Ana haki. Wengine wamerudi kuniamkia, si wote.

Mama hakunisemesha siku tatu. Ya nne aliniwekea chai mezani akasema, "Mwandikie. Kwenye simu utajificha." Nami nimeona nisikuandikie kwa siri. Nilikukana mbele za watu, siwezi kukuomba radhi chumbani. Barua hii inakuja kwako, na nakala yake nimempa mwenyekiti aibandike ofisi ya mtaa, asome anayetaka. Nisamehe, mdogo wangu. Na kama huwezi sasa, sema huwezi. Usinitafutie tena sababu nzuri, maana najua utaanza kuitafuta.

Wiki iliyopita mama alikata simu yako akaniambia wanawake wa soko la huko wamekuchagua kuwa mwenyekiti wao, hata mwaka wa pili hujamaliza. Nilikuwa namenya viazi. Kikanipanda, kile kile, na moto wake ule ule. Zamani ningesema hongera zake kisha ningekaa na sumu yangu mpaka jioni. Niliweka kisu chini nikasema, "Mama, nimemwonea wivu."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Afadhali umesema," akanijibu, akasogea kidogo kwenye mkeka nipate pa kukaa.

Msalimie shemeji, na ujitunze na baridi ya huko.

Ni mimi dada yako, uliyemtetea asipostahili.