Usimpe Kikongwe Nyasi za Turubai

Mwanangu,

Ukiamka, usimpe farasi wetu Kikongwe hata unyasi mmoja wa lile robota nililolifunika turubai. Limeota ukungu ndani. Daktari wa mifugo atapita saa nne. Kabla hajafika, Kikongwe anywe maji tu. Akimruhusu kula, mpe zile nyasi za zamani, kumbatio moja, uzilowanishe kwanza. Jirani akileta majani aliyofyeka bustanini, mshukuru, lakini usimpe farasi. Yakirundikana yanachacha, yatamsokota tumbo upya.

~~Akilala chini tena, ningoje.~~ Akilala chini tena usiningoje, mpigie daktari hapo hapo. Namba iko mlangoni.

Nyasi zimepanda bei mno, ndiyo maana nikakimbilia za rahisi. Jana uliniambia zinanuka, nikakujibu unajifanya mjuaji. Nisamehe. Alfajiri nimemkuta amelala, anageuka kutazama tumbo lake, jasho linamtoka. Daktari akaniambia kwa simu, "Mwinue, mama, mtembeze polepole." Tumezunguka ua mpaka miguu ikafa ganzi, yangu na yake. Mwishowe akatoa kinyesi, nami nikalia kama mtoto.

Sasa nimekwenda kwa mfuga ng'ombe. Amekubali kwa simu kunipa nyasi safi nikimsafishia zizi kila Jumamosi.

Sikukuamsha. Niliogopa umwone vile, kisha nikaogopa zaidi kwamba asiposimama hutanisamehe. Amesimama. Nenda kamwone kabla hata hujanawa uso.

Mama yako, mbishi