Ghala la Mama Yako Lililofunikwa Makuti

Kijiji cha Kabwelu,
Kisiwa cha Kiriwina.
9 Agosti 2014

Mpendwa mpwa wangu Kalubaku,

Nimemkosea mama yako. Nimeandika hilo kwanza, maana nikianza na salamu nitajificha humo humo nisitoke.

Haya, hujambo? Mkeo na wanao wazima? Kazi ya huko mjini Mosbi inakwendaje? Sisi huku tunapumua, ila mimi chakula hakipiti.

Unajua mimi nalima kwa ajili ya nani. Kwa mila yetu viazi vikuu vizuri ni vya ghala la dada yangu, mama yako, na nyumba yangu inalishwa na kaka zake mke wangu. Sasa mwaka jana viazi vilitoka vinene kama mapaja. Watu wakawa wanasimama shambani: "Tosulala weee! Umeiroga hii ardhi?" Sifa zikanipanda kichwani. Vikubwa vyote nikavijaza ghalani kwangu, vichungulie kwenye nafasi za magogo, kila apitaye avione. Mama yako nikampelekea vikapu sita vya vidogo, vile vya nguruwe.

Ndugu za baba yako wakamcheka mama yako: "Shemeji, ghala lenu tupu, tunaona mpaka ng'ambo ya pili! Wewe huna kaka, au ulianguka toka mtini?" Mama yako akaziba nafasi za ghala lake kwa makuti. Mwaka mzima ghala limevaa makuti kama lina msiba.

Kisha akaja binti mmoja wa chuo kikuu, Vavine, anayechunguza watu wanavyolima na wanavyokula. Akaniuliza, "Mjomba, hivi vyote nani atakula?" Nikacheka. "Hakuna! Vitaoza. Kuwa navyo mpaka vioze ndiko ukubwa wenyewe." Akaandika. Akauliza tena, taratibu, "Na dada yako anakula nini?" Kalubaku, nilichukua jembe nikaondoka. Mpaka leo binti huyo ananisalimia, nami nageuza uso.

Mwaka jana huo huo, ulipofika mwezi wa wafu kurudi kijijini, nilimtengea marehemu bibi yako, mama yetu, viazi vilivyochemshwa, kwenye sahani yake ile ya mbao. Mchana kweupe, jua utosini, nikasikia puu ndani ya ghala langu. Kisha puu tena. Nikachungulia. Hakuna mtu, hakuna panya. Viazi vilikuwa vinajiangusha kimoja kimoja, vimeoza, maji meusi yanatiririka. Na harufu ilikuwa ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka bibi yako. Sikudanganyi. Ghala sasa ni tupu, nimelifagia mwenyewe, lakini kila mchana nasikia puu.

Baba yako amesema ghala lao likikaa tupu hata kwa mavuno haya, atalibomoa. Mama yako ataishi wapi na aibu hiyo? Mimi na yeye, kwa mila yetu ya kaka na dada, hatuwezi kukaa tukafunguliana moyo. Ndiyo maana nakuambia wewe.

Nisalimie mkeo, na shangazi yako Ibodiya ukimwona sokoni. Waliotutangulia wawalinde, wakija kwenu waje kwa upole.

Jumamosi tarehe 23 mwezi huu, kabla wafu hawajafika, nitampelekea mama yako vikapu vyote vya mwaka huu, cha kwanza nikikibeba begani mwenyewe. Nitayang'oa makuti kwa mikono yangu, ndugu za baba yako wakiwapo, na nitasema kwa sauti kwamba vilivyooza kwangu vilikuwa vyake. Vidogo vya nguruwe nitakula mimi.

Mjomba wako akupendaye, mwenye majuto,
Tosulala