Wodi Isiyo na Mtoto

Mumbuni, Machakos
Tarehe 9 Machi, 2003

Kwako dada yangu Kavutha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Naamini huko Voi mko salama, wewe na shemeji Mwangangi, na kwamba lile goti lako limepoa kiasi cha kukuruhusu kupanda ngazi za kanisa. Sisi tuko wazima. Mama anakula vizuri, na Jumapili alimgombeza mchungaji kwa kuhubiri kwa sauti ya chini, kwa hivyo ujue bado ana nguvu.

Nimeshika kalamu kwa sababu nimeona jambo ambalo, baada ya miaka kumi na miwili ya uuguzi, sikudhani nitaliona. Wodi ya surua haina mtoto. Tangu Krismasi hatujalaza hata mmoja. Zamani walilala watatu kitanda kimoja, macho mekundu, na mama zao wamekaa sakafuni. Wiki jana tulihamisha vitanda vile, nikabaki nimesimama katikati ya chumba kitupu nikisikia viatu vyangu mwenyewe.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Juni mwaka jana serikali ilitangaza chanjo ya surua nchi nzima, bila malipo, kwa kila mtoto wa kuanzia miezi tisa hadi miaka kumi na minne. Nikasema moyoni, hayo ni maneno ya redio. Lakini masanduku yalifika, dada! Dawa ile huharibika ikipata joto, nayo ilikuwa imetoka ng'ambo hadi Nairobi hadi kwetu, bado baridi. Nilipowaza kwamba wauguzi wenzangu wa Mandera na Lamu na Turkana walikuwa wakifungua masanduku kama langu wiki hiyo hiyo, nywele zilinisimama.

Siku ya pili ya kuchanja, gari letu lilikataa kuwaka. Mzee Mire, yule Msomali anayeuza mbuzi karibu na soko, aliposikia aliosha pikapu yake ya mifugo kwa sabuni mara tatu, akatuendesha mwenyewe hadi machimbo ya mawe ya Lukenya. Huko tuliwakuta akina mama wakiponda kokoto. Nilidhani tutawabembeleza. Wapi! Waliweka nyundo chini, wakaita watoto, na foleni ikazunguka rundo la mawe. Nyanya mmoja aliyezika wajukuu wawili kwa surua alinishika mkono akaniuliza kama kweli dawa yenyewe ni hiyo tu, kitu kidogo namna hiyo. Nikamwambia ni hiyo tu. Akabaki akiitazama sindano.

Siku ya mwisho tulikuwa Kyumbi, tumeanza kufunga vitu, ndipo akaja Fadumo, mke wa mtoto wa Mzee Mire, ametoka safari, amembeba binti yake Bilan. Mtoto mmoja. Na chupa moja ni ya watoto kumi. Ukishaifungua, kinachobaki hutupwa siku hiyo hiyo. Nikamtazama msimamizi wetu, Justus. Akasema, "Sista, fungua. Hakuna mtoto wa kurudishwa." Nikafungua. Nikamchanja Bilan, na dawa ya watoto tisa ikatupwa.

Sasa juzi wanafunzi wa uuguzi waliniomba niwaonyeshe mgonjwa wa surua, kwa maana hawajawahi kumwona. Sikuwa na wa kuwaonyesha. Hebu fikiria! Nikaanza kuwaeleza kwa mdomo: kikohozi, macho yanayoogopa mwanga, vipele vinavyoanzia nyuma ya masikio. Nikakwama hapo. Niligundua kwamba ninayemweleza ni Wanza wako.

Dada, kuna jambo nimekuficha karibu miaka kumi. Asubuhi ile ulipomleta Wanza kwa zahanati niliyokuwa nikifanya kazi, nilikuambia umechelewa, chanjo imekwisha, urudi mwezi ujao. Haikuwa imekwisha. Chupa zilikuwa kwa friji, na saa yenyewe ilikuwa tano tu. Ulikuwa mama mmoja tu pale, na tulikuwa tumezoea kutofungua chupa kwa ajili ya mtoto mmoja. Hiyo ndiyo sababu ningekupa kama ungeniuliza. Lakini sista mkuu alikuwa ameniachia niamue, na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kusukwa nywele kwa ajili ya harusi ya binamu yetu Kimeu. Wiki tatu baadaye surua ikaingia Mumbuni.

Kaburini kwa mwanao ulilia ukisema laiti ungetoka nyumbani mapema. Mpaka leo unasema hivyo. Nami nilikushika mabega nikanyamaza.

Hukuchelewa, Kavutha. Ulifika kwa wakati. Ni mimi niliyekurudisha.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka nije nisimame mbele yako na shemeji, niambie siku, nitaomba ruhusa kazini. Ukinyamaza pia nitaelewa. Lakini usiseme tena mbele ya mtu yeyote kwamba ulichelewa.

Mama anakusalimu na anauliza kama mbegu za kunde zilifika. Wasalimie watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Mueni