Kemia Nje ya Ubao

Ruiri, Jumamosi

Hatimaye mimi na wanafunzi wangu tumeingia. Mwalimu mkuu wa ile shule kubwa ya mjini, aliyenizungusha muhula mzima, leo ametufungulia maabara yao.

"Mwalimu Karimi, hawa pia ni watoto wetu," aliniambia, kana kwamba si mimi niliyekuwa nikimwambia hivyo. Nikamshukuru, maana kubishana kungeturudisha nje.

Shule yetu ndogo haina maabara. Kemia nimewafundisha kwa kuchora ubaoni, na mtihani wa taifa watakaofanya ni uleule wa wenzao wa mjini.

Kendi, mmoja wa wanafunzi wangu, alidondosha asidi tone kwa tone. Dawa ya rangi ya waridi iliyokuwa kwenye chupa ghafla ikawa kama maji. Akanitazama.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nakariri tu. Sikuwa naamini."

"Na sasa?"

"Sasa naweza kumweleza mtu."

Bado naogopa. Jumamosi zilizobaki kabla ya mtihani ni chache, na fizikia hata hatujaigusa, sijui kama...

Lakini tukirudi walibishana njia nzima, nani alizidisha tone. Sijawahi kuwasikia wakigombania kemia. Niliwaacha wagombane mpaka tukafika.