Mama Achieng Akiimba Kwenye Chai

Kiprono, mtoto wa dada,

Binti yangu Cherono amefumba macho sasa hivi, akaombea uji wake. Mimi sijamfundisha. Huku tuko, ni magoti tu yanasumbua nyanya yako.

Unasema ukija utamwambia nyanya hakuna Mungu. Unauliza mbona watu wanamshikilia huyo Mungu. Hata mimi siamini.

Mwaka jana tulizika Achieng, mtoto wa jirani. Wiki haijaisha, mamake akarudi kuchuna chai, anaimba nyimbo za kanisa.

Nikamwambia, "Wewe! Amekunyang'anya mtoto na bado unamwimbia?"

"Mama Cherono, nikinyamaza namsikia akikohoa."

Nikaendelea kuchuna kando yake. Bado siamini, lakini nyanya muache. Siku hizi Mama Achieng akianza wimbo mimi naitikia, na akishikwa na machozi mimi ndio namalizia. Ngoja, ananiita twende kuchuna.