Wimbo wa Ndui Wanauimba Harusini

Somo yangu, Bi Mwanasha,

Shikamoo huko uliko. Najua hutaitikia, lakini ulinifunza nisianze neno na mkubwa wangu kabla ya kumwamkia, na sitaki uninunie kabla hujafika mstari wa pili. Leo mwenye haki ya kununa ni mimi.

Jana alasiri palikuwa na harusi mtaa wa pili. Nimekaa jamvini na wanawake wenzangu, nakula pilau yangu taratibu, mara nasikia ngoma imebadilika na wimbo wako umeanza. Wimbo wa ndui, Somo. Bibi harusi ametiwa hina mpaka viwikoni, mashangazi wanapiga vigelegele, na watu wazima na akili zao wanaimba:

Tundika taa, jirani ajue,
tundika taa, asipite ndani.

Taa. Si tawi. Sijui ni kwenye kinywa cha nani, lakini kati ya hapa na Miono tawi lako la mlimau limegeuka taa, na tangu hapo watu wamekubaliana kwamba ni wimbo wa kupamba nyumba ya sherehe. Nilimuuliza mama mmoja aliyekaa ubavuni kwangu, mgeni wa huko Miono, kwa nini jirani asipite ndani na hali watu wamealikwa. Akatafuna, akafikiri, akasema, "Labda maharusi wamepumzika." Kisha akaniomba nimsogezee achari.

Nikanawa mikono, nikarudi nyumbani. Ndiyo maana nakuandikia, kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, na kama zimekwenda upande ni kwa sababu naandika kwa hasira.

Ulikufa ukidhani umetuachia kinga. Umetuachia wimbo mtamu mno, basi. Ungeutunga vibaya kidogo, labda watu wangesikiliza maneno.

Nakumbuka siku tuliyoutunga. Ulikuwa mwaka ule msafara kutoka bara uliposhusha wapagazi wagonjwa, na ndui ikahama nyumba hadi nyumba kwa sababu kila mwenye mgonjwa alimficha chumba cha ndani. Waliogopa kutengwa. Waliogopa kuambiwa nyumba yao ina mkosi. Basi majirani wakaendelea kuingia kama kawaida, wakakaa kitandani kwa mgonjwa, wakamfariji, wakarudi kwao nayo. Tulikuwa uani kwako tunasuka ukili. Ukasema, "Watu wa mji huu ukiwaambia neno wanakuona mjuaji. Ukiwaimbia wanadai ni lao." Ukaanza kupiga kidole kwenye sinia.

Tulibishana nusu siku juu ya mti. Mmoja wetu alitaka tawi la mkunazi, nawe ukamkatalia: mkunazi ni wa kuoshea maiti, watadhani mgonjwa ameshakwenda. Ukachagua mlimau kwa kuwa kila ua unao. Nyumba yenye ndui itundike tawi la mlimau mlangoni. Jirani akiliona asipite ndani, ila asiwatupe; alete uji, alete maji, aweke kizingitini, arudi nyuma hatua saba. Na waingie wale tu ambao ndui ilishawapitia, kwa kuwa haiwarudii. Ukanigeukia mimi, na uso wangu huu wenye makovu niliokuwa naufunika ushungi mpaka puani, ukasema, "Tatu, huo uso ndio ruhusa yako. Ufunue." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno zuri kuliko hilo, na wala hukulisema kwa upole, ulikuwa unatafuta sindano yako.

Ngoma ikapendeza. Mgonjwa chini ya kaniki, safu mbili za majirani, na mwenzetu Mwanakheri akicheza mama wa mgonjwa. Hakuna aliyejua kulia kama Mwanakheri. Akilia yeye, wanaume waliosimama nyuma ya ua walikuwa wanajikohoza. Na matawi yakatundikwa kweli. Nilibeba maji mpaka mabega yakavimba, na sikunung'unika hata siku moja. Sawa, nilinung'unika, lakini nilibeba.

Halafu Mwanakheri huyohuyo, mama wa mgonjwa wetu, binti yake akapatwa, naye hakutundika kitu. Aliona haya. Alisema baadaye kwamba amecheza mkosi wa kuigiza mpaka umeingia kwake wa kweli, na watu wangemcheka. Ukaenda kumtazama kwa kuwa hakuja mazoezini. Ukapiga hodi, ukaingia, ukakaa. Wewe ambaye ndui haikuwahi kukugusa. Siku ya kumi na mbili ukashikwa na homa.

Mtoto alipona. Wewe nilikuuguza mimi, na mengine unayajua.

Sasa nikueleze yaliyofuata, maana sidhani kama huko wanakupa habari.

Wanawake wakaniita mimi Somo, wakanipa ngoma, na mimi nikaiharibu. Niliuona wimbo wako kuwa laini, nikatunga wa kwangu. Ulikuwa na beti nyingi na katika kila ubeti mtu alikufa. Nilitaka waogope. Tuliuchezea uwanjani mara tatu. Mara ya kwanza watu walisimama kwa heshima yako. Mara ya pili walikuja kina mama wachache na mbuzi. Mara ya tatu hata wapigaji wangu walichelewa, na jumbe wa mtaa akaniita kando akaniambia, "Mwanangu Tatu, wimbo wako ni wa kweli, lakini mtu akiusikia anataka kwenda kulala." Nilikasirika siku nne. Nikapiga marufuku wimbo wako, ambao walishaanza kuupeleka harusini, usiimbwe huko tena. Waliniitikia, "Naam, Somo," wote kwa pamoja, na Ijumaa yake wakauimba kwenye harusi ya mpwa wangu mimi mwenyewe.

Na Mwanakheri nilimkatia salamu. Akija kisimani, mimi naondoka hata kama ndoo haijajaa. Hakuna aliyeniuliza sababu, kila mtu aliijua. Yeye mwenyewe hakuwahi kujitetea. Alijitoa kwenye ngoma, akawa mtu wa ndani.

Baada ya masika ya mwaka huu, msafara mwingine ukaingia. Nikasikia kuna mpagazi ametokwa na vipele, kwenye kibanda njia ya kwenda shamba. Nikafunga kanga yangu, nikapita mlango kwa mlango. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Walinikaribisha, walinipa kiti, walinipa kahawa, wakasema, "Tumesikia, Bi Tatu." Hakuna tawi hata moja lililotundikwa. Nyumba tatu nilijua zina wagonjwa, maana wenyewe walikuwa wanazungumza na mimi huku wameuziba mlango wa chumba kwa mwili. Siku hiyo nilifika kwangu nikavunja chungu. Sikukusudia, lakini sikusikitika pia.

Kesho yake, saa tatu za asubuhi, wakati watu wote wako njiani, Mwanakheri alitoka nje na tawi la mlimau mkononi. Shemeji yake alikuwa amerudi na msafara uleule. Akalifunga juu ya mlango wake. Kisha hakuingia ndani. Akasimama barazani na kuanza kuimba wimbo wako, peke yake, bila ngoma, bila kofi. Tawi, aliimba, si taa kama ya harusini. Sauti yake haikuwa nzuri, ilikuwa imekaa bila kutumika miaka miwili. Watu wakasimama. Mimi pia nilisimama, nikiwa na ndoo kichwani.

Alipomaliza akasema, "Kwangu mna ndui. Mwaka juzi ilikuwamo vilevile, nikanyamaza, akaingia Bi Mwanasha. Msiingie. Mkitaka kunisaidia, niwekeeni hapa chini." Akaonyesha kizingiti.

Hapana aliyecheka. Bibi mmoja mzee, jirani yake wa mkono wa kushoto, ndiye aliyeondoka kwanza, nikadhani anakimbia. Akarudi na chungu cha uji. Akakiweka kizingitini, akarudi nyuma kama tunavyofanya kwenye ngoma, hatua kwa hatua, mpaka nikaona midomo yake inahesabu mwendo. Kabla ya adhuhuri nyumba mbili zikatundika. Kufikia Ijumaa ungepita mtaa wetu ungedhani tunauza malimau.

Sasa niambie, Somo, nifanye nini na watu hawa. Mimi nimesema miezi na miaka, nikatunga, nikatisha, nikapita milangoni. Yeye kasimama barazani muda wa kuchemsha maji. Nilifurahi, ndiyo. Nilifurahi na nikataka kuitupa ile ndoo.

Usidhani mambo yamenyooka. Tumezika wawili, yule mpagazi na mtoto wa fundi seremala. Na mama mmoja, jina lake silitaji, ametundika tawi kubwa kuliko yote na nyumbani kwake hakuna anayeumwa hata mafua. Nilipombana akaniambia mawifi zake walikuwa wanakuja kutoka Mapinga kukaa mwezi mzima. Nikamwambia alishushe. Akasema atalishusha wakisharudi. Na tawi la mlimau linakauka kwa siku tatu, jambo ambalo sisi wote wawili hatukulifikiria, kwa hiyo ninapita kila asubuhi nikiwakumbusha wabadilishe, wananiita Bi Majani.

Lakini walioingia ndani walikuwa wenye makovu tu. Hilo walilishika. Binti yake Mwanakheri naye aliingia, uso wazi.

Shemeji wa Mwanakheri nilimpelekea maji mimi. Ilinibidi, mtaa wetu hauna wengi wa kuingia. Siku ya kwanza Mwanakheri alinipokea mlangoni, akaniangalia, akasema, "Tatu, mimi ndiye niliyemuua."

Nikasema, "Shika ndoo."

Ndivyo nilivyomjibu. Shika ndoo. Nikaingia, nikamwosha mgonjwa, nikatoka, nikaenda zangu. Na siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu, mpaka mtu akapona.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, na nimezunguka kwa kuwa naona haya. Ulipokuwa umelala kwangu, kabla homa haijakuchanganya maneno, uliniambia. Ulisema, "Nilijua tangu kizingitini. Ile harufu naijua." Nikakuuliza kwa nini basi uliingia. Ukasema mtoto alikuwa analia na mama yake amekaa sakafuni, hajala, hajui aanzie wapi, na hapakuwa na mwingine. Ukageukia ukutani ukalala, kana kwamba umenipa jibu.

Ni jibu gani hilo, Somo? Wewe ndiye uliyetunga asipite ndani. Ungerudi nyuma hatua saba ungenikuta mimi nyumbani, na makovu yangu, nina kazi gani. Ungeniita ningekuja. Miaka miwili nimekuwa nikiwaza hilo, na sikuweza kukugombeza kwa kuwa umekufa, basi nikamgombeza aliye hai. Nikamwacha mwenzangu aamini kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikokuua, na hali najua hata pangekuwa na tawi kubwa kama la mawifi wa Mapinga, ungelisukuma kwa mkono ukaingia. Yeye alikosa kwa kuficha. Mimi nimekosa kwa kuficha pia, na kuficha kwangu hakukuwa na haya wala mtoto anayelia ndani yake. Kulikuwa ni hasira tu.

Nimekukasirikia sana, na bado. Niache nikukasirikie kidogo zaidi, nimezoea. Hakuna anayenibishia hapa. Wote wananiitikia, "Naam, Somo," halafu wanafanya watakavyo, na mara nyingine nikisema jambo nasikia ni sauti yako inayotoka, na hapo ndipo hamu yako inaponizidi.

Wanawake wanataka Mwanakheri arudi kwenye ngoma. Wanasema acheze mama anayeficha, si mama anayetundika, aonyeshe watu ilivyo ndani ya mtu. Yeye hajakubali. Anasema hawezi kunikabili uwanjani.

Basi lala salama, Bi Mwanasha, mwalimu wangu na mkaidi wangu. Mungu akuweke mahali pa baridi na akupe watu wa kubishana nao. Mimi nakuahidi hivi: kesho, nikishapita kuwakumbusha watu majani yao, nitakwenda kwa Mwanakheri. Mgonjwa wake amepona na tawi ameshalishusha, kwa hiyo sitakuwa na ndoo ya kumpa ashike. Nitapiga hodi, nitaingia, nitakaa sakafuni karibu naye, nimwambie ulichoniambia, neno kwa neno, hata akiniambia niondoke nisirudi tena.

Wako,
Tatu