Kifuniko cha Kompyuta

Alhamisi, Julai

Kusema kweli, ni mimi niliyeanza. Upepo wa mwezi huu unaingiza vumbi mpaka ndani ya droo, na Jumatatu nilimfokea Mama Skola, mfagizi wetu: "Vumbi likiigusa hii kompyuta, utanitambua!"

Basi leo asubuhi akafanya kama wanavyofanya wote hapa: akanyunyiza maji kwanza, ndipo akafagia. Akanyunyiza mengi, kwa kuniogopa. Kompyuta ilikuwa wazi, maji yakairukia. Kifuniko chake kiko hapa nyumbani, juu ya redio yangu, tangu wiki iliyopita.

Nilipoiwasha, kioo kikabaki cheusi. Mhandisi, mkuu wetu, akaja mbio, maana vipimo vyote vya visima vya Laela vimo humo.

"Ndugu, nani alikutuma umwagie mtambo maji?" akamwuliza Mama Skola.

Yeye alinitazama mimi. "Mwanangu, si wewe uliyesema vumbi..."

"Nilisema maji, mimi?"

Akafukuzwa palepale. Mlangoni akaniambia taratibu, "Tukikutana sokoni, usiniamkie."

Mchana nikaifungua kompyuta, nikaianika dirishani. Saa tisa ikawaka. Visima vyote vimo, hakuna hata kimoja kilichopotea. Mhandisi akanipiga bega: "Wewe ndiye fundi!"

Ningeweza kumwomba amrudishe yule mama. Lakini angeuliza kifuniko kiko wapi, na mimi...

Kabla ya kufunga ofisi niliifunika kwa kitenge chake alichokisahau msumarini. Kinaenea vizuri kabisa. Hiki cha redio sikirudishi.